Kuandaa mafunzo ya uhunzi katika karakana ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu karakana yetu hapa Busia, upande wa Uganda, ianze kufundisha uhunzi, vikundi vya vijana, akina mama na jumuiya za dini vimekuwa vikituuliza mambo yale yale. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu. Tumemwandikia hasa mtu anayetaka kuanzisha darasa kwao, iwe Tororo, Arua, Masindi au Kampala, ila hata anayetaka kujiunga kama mwanafunzi ataona kinachomngoja.

Kwa nini uhunzi, wakati kila kona ina fundi wa kuchomelea?

Fundi wa kuchomelea anaunganisha vipande. Mhunzi anakibadilisha chuma chenyewe umbo na ugumu. Tindo la mpasua mawe likishabutuka, huwezi kulirudishia ncha kwa kuchomelea. Litapashwa moto, litafuliwa upya, kisha litatiwa matiko, yaani litakazwa kwa moto na kupozwa ghafla. Ndivyo ilivyo kwa shoka lililomeguka, kwa sururu, na kwa ulimi wa jembe la ng'ombe uliolika. Kule Teso wakulima wamelima kwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe tangu siku za pamba, mwanzoni mwa karne iliyopita, na kila msimu ndimi hizo hulika.

Neno letu kwa yeyote anayetaka kuanza ni hili: darasa lijengeni juu ya kazi ambayo majirani zenu tayari wanaihitaji. Kabla hamjanunua hata nyundo, tembeleeni machimbo ya mawe, soko la mazao, wachinjaji, mafundi seremala na wakulima, mkawaulize ni kifaa gani kinawaharibikia na huwa wanakipeleka wapi. Orodha mtakayorudi nayo ndiyo mtaala wenu. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu tumeona madarasa yanayoanza na mapambo na visu vya kupigia picha. Yanavuta watu wengi mwezi wa kwanza, halafu makaa yanaisha na hakuna mteja wa kuyalipia.

Je, hii si kazi ya kigeni kwetu?

Hapana, na vijana waambiwe hivyo siku ya kwanza. Milima ya Samia, inayoonekana kutoka hapa na kuvuka mpaka hadi Kenya, ilikuwa na wafuaji na wayeyushaji wa chuma kwa vizazi vingi. Majembe ya Samia yaliuzwa mbali na hata kutolewa katika mahari. Bunyoro ilijulikana kwa chuma na chumvi. Walabwor, katika Abim ya leo, waliwafulia mikuki majirani zao wa Karamoja. Kule Kigezi mawe ya chuma ya Muko bado yako ardhini, na Buganda wahunzi walikuwa na nafasi yao katika utumishi wa Kabaka. Kilichoua kazi ya kuyeyusha mawe ni majembe ya viwandani yaliyoletwa kwa bei ndogo wakati wa ukoloni. Kufua hakukufa. Wahunzi walihamia kwenye vyuma chakavu, na hapo ndipo tulipo mpaka leo.

Ikiwa kwenu kuna mahali wazee wanapajua palipo na mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yaliyobaki baada ya kuyeyusha, wapelekeni wanafunzi wakaone. Wasiyabebe. Ni ushahidi wa historia yetu, na wataalamu wa mambo ya kale huyasoma pale pale yalipolala.

Tuanze na moto mmoja au kadhaa?

Mmoja. Moto mmoja unatosha wanafunzi wawili wanaofua kwa zamu, na wengine wawili wakiwa kwenye tupa na vaisi, kile kibano cha mezani. Mkiwa na mioto miwili na mwalimu mmoja, chukueni wanafunzi wanane, msizidishe. Tunajua wafadhili hupenda kusikia idadi kubwa. Ila mwanafunzi anayesimama saa nzima akingoja zamu hajifunzi, tena huyo ndiye anayesogea kutazama kwa karibu na kuungua.

Tunahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko mnavyodhani, na vingi mnaweza kuvitengeneza.

Tanuri: dramu ya breki ya lori iliyowekwa juu ya miguu ya chuma, na bomba nene la kuingizia hewa kutoka chini. Ndani ikandikeni udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu. Mkaushe polepole kivulini kwa siku kadhaa, kisha kwa moto mdogo, la sivyo utapasuka na kubanduka. Likitokea hilo, kandikeni tena. Udongo ni wa bure.

Hewa: zamani ilikuwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na mzee anayejua kuitengeneza akipatikana, mpeni siku nzima awaonyeshe. Kwa darasa la kila wiki tunapendekeza feni ya kuzungushwa kwa mkono, inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli na mkanda. Mafundi wa Katwe jijini Kampala wanaweza kuwaundia, na hata fundi baiskeli mwerevu wa mtaani kwenu ataweza. Feni ya umeme ni nzuri mpaka umeme ukatike katikati ya somo. Tena inamzoesha mwanafunzi kuacha hewa ikipuliza muda wote, makaa yakateketea bure. Anayezungusha kwa mkono huuheshimu moto.

Fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake: hapa watu hukwama kwa sababu wanataka fuawe kama ile ya kwenye picha, yenye pembe. Huihitaji. Tafuta bonge zito la chuma kigumu lenye uso bapa, kama kichwa cha ekseli ya lori au kipande kinene cha mashine iliyobomolewa, na kadiri lilivyo zito ndivyo linavyofaa. Lifungeni imara juu ya gogo la mti mgumu. Uso wa fuawe ufike pale vifundo vya ngumi yako vinapoishia ukisimama wima na mkono umening'inia. Ikiwa chini zaidi, mgongo utauma. Ikiwa juu zaidi, nyundo haitapiga bapa.

Nyundo: za kilo moja zinatosha kwa wengi, na moja au mbili za gramu 800 kwa wanaoanza. Nyundo nzito haimpi mtu nguvu, inamchosha tu, na mkono uliochoka ndio unaokosea.

Koleo: kila mwanafunzi ajitengenezee ya kwake kabla ya kozi kuisha. Kwa kuanzia nunueni au azimeni jozi tatu zenye midomo tofauti. Koleo isiyoshika sawasawa ni hatari kuliko moto wenyewe, kwa sababu chuma chekundu kikichomoka hakichagui mguu wa mtu.

Ongezeni vaisi, tupa, msumeno wa chuma, brashi ya waya, ndoo ya maji, chombo cha mafuta chenye mfuniko na ndoo mbili za mchanga.

Tujenge wapi?

Banda la mabati lenye pande wazi, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Paa la nyasi hapana kabisa. Sakafu ya saruji si nzuri chini ya tanuri, maana saruji ikipata joto kali hupasuka na kurusha vipande. Upande mmoja uwe na kivuli kizito, kwa sababu rangi ya chuma cha moto haisomeki juani: chuma kinachoonekana cheusi mchana kinaweza kuwa cha moto wa kuunguza mfupa. Moshi nao upate pa kutokea. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua.

Fikirieni na kelele. Ongeeni na shule, msikiti au kanisa lililo jirani kuhusu saa zao kabla hawajaja kulalamika.

Ruhusa tunazipata wapi?

Anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Barua yake itawafungulia milango mingine, na yeye ndiye atakayewatetea jirani akikasirika. Kikundi kiandikishwe kama shirika la kijamii kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndogo yenu na ofisi ya wilaya. Mkianza kuuza bidhaa, halmashauri ya mji itadai leseni ya biashara. Karakana ni mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inawahusu, hivyo ziandikisheni shughuli zenu kwa idara ya usalama kazini iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Mhunzi tuliye naye ni mzee, hakusoma. Ataweza kufundisha darasa?

Swali hili tunaulizwa kuliko mengine yote, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mzee ni tatizo. Mzee ndiye darasa. Bila yeye mna banda, makaa na video za kwenye simu.

Ila kufua na kufundisha kufua ni kazi mbili. Mhunzi aliyeanza utotoni, akipuliza moto wa baba yake, hakuwahi kuelezwa kwa maneno. Aliona, akapigwa kelele, akaona tena. Naye atafundisha hivyo hivyo: atapiga mara nne, chuma kitakuwa tayari, na wanafunzi hawatajua kilichotokea. Kwa hiyo mpeni msaidizi, kijana mwenye ulimi mwepesi na asiyeona haya kuuliza. Kazi yake ni kumsimamisha mzee kwa adabu: "Mzee, hapo umegeuza chuma kwa nini?" "Mzee, umejuaje kuwa sasa hivi?" Majibu yaandikwe ubaoni. Mkimaliza kozi moja mtakuwa na kitabu cha mafunzo ambacho hakipatikani dukani.

Pili, mlipeni. Si nauli na soda, bali ujira wa siku kamili wa fundi, kwa sababu siku anayofundisha ni siku asiyofua kazi zake. Kubalianeni mapema, mbele ya mashahidi, na malipo yafanyike siku ile ile kwa mkono au kwa simu.

Tatu, sikilizeni hofu yake. Familia nyingi za wahunzi ziliutunza ujuzi ndani ya ukoo, na si kwa uchoyo: ujuzi ule ndio shamba lao. Mzee akiuliza "nikiwafundisha hawa, mimi nitakula wapi?", swali lake ni la haki. Sisi tunaona jibu zuri ni makubaliano ya wazi. Kazi kubwa zinazoletwa karakana zipite kwake kwanza, wanafunzi wasifungue tanuri lao karibu na lake kwa muda mtakaokubaliana, na jina lake litajwe kila bidhaa inapouzwa kwenye maonyesho. Mzee anayeheshimiwa hivyo huja na vitu ambavyo hamkuomba. Atawaletea nyundo ya babu yake, atawaonyesha dawa ya kuzuia kutu, atawaita kumtazama akitengeneza kifaa ambacho hakuna kijana aliyewahi kukiona.

Tufundishe kwa lugha gani?

Hapa mpakani darasa moja lina Wasamia, Wateso, Wajopadhola, Wanubi na watu waliotoka Kongo, kwa hiyo Kiswahili hakina mshindani. Serikali nayo iliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi ya pili na kifundishwe shuleni, ingawa karakana hazikungoja tangazo hilo. Mahali ambapo mzee ana raha zaidi kwa lugha ya nyumbani, aachwe aongee, na msaidizi atafsiri.

Kozi ichukue muda gani, na tuanze na nini?

Jumamosi kumi za saa tano zinamtoa mtu akiwa salama na mwenye manufaa. Hazimfanyi mhunzi, hilo linahitaji miaka.

Siku ya kwanza hakuna kufua. Ni kuwasha moto, kuutunza, kuusoma na kuuzima, pamoja na mambo ya usalama. Siku ya pili kila mtu ananyoosha nondo na kuichonga ncha ya pembe nne. Yanafuata kulabu, misumari mikubwa, kupinda, kutoboa, kukata kwa moto. Nusu ya pili ya kozi ni ya vifaa: koleo, tindo, kisu cha jikoni au mundu, na mwisho ukarabati wa kifaa halisi cha mteja halisi. Sharti moja tunalishikilia: hakuna kisu kabla ya tindo. Kijana akianza na kisu atataka kiwe cha kupendeza. Tindo halina urembo; likigonga jiwe aidha limesimama au limepinda, na mwanafunzi anajua papo hapo kama amejifunza.

Vyuma tupate wapi, na vipi tujue kipi kinafaa?

Springi za lori na za gari ndogo ndizo malighafi bora kwa vifaa vya kukata, kwa sababu zina kaboni ya kutosha kushika ugumu, takriban asilimia 0.6. Nondo na vyuma vya kona vya kawaida vina kaboni kidogo. Vinafaa kulabu, bawaba, vipini vya milango, na kwa mazoezi. Ukitia matiko kisu cha nondo unajidanganya, na mteja atakirudisha.

Kama hujui chuma ni cha aina gani, kiguse kwenye grainda utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka na kuchanua kama ua. Ukikosa grainda, pasha kipande chembamba hadi kiwe chekundu, kitose majini, kisha kipige nyundo kikiwa ndani ya vaisi, huku umevaa miwani. Kikikatika ghafla, ni kigumu. Kikipinda, ni laini.

Sasa mambo ya kukataa. Msinunue reli, nyaya, vyuma vya kona vya minara ya umeme, mifuniko ya mitaro wala vibao vya alama za barabarani, hata vikija kwa bei ya kutupa. Adhabu za wanaohujumu miundombinu ya umeme, pamoja na wanaopokea mali hiyo, zilifanywa nzito sana na marekebisho ya sheria ya umeme ya mwaka 2022. Lakini hata bila polisi, darasa la jamii haliwezi kusimama juu ya giza la jamii ile ile. Wekeni daftari: nani ameleta chuma, lini, kimetoka wapi.

Kataeni pia kila kitu kilichozibwa pande zote: shokabsoba, mitungi ya gesi, mabomba yaliyofungwa. Vikiingia motoni hulipuka. Na ninyi mlio Acholi, Lango, West Nile au Kasese, wafundisheni wanafunzi kwa msisitizo. Uganda ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2012, lakini masalio ya silaha za vita bado yanaweza kuchimbuliwa shambani na kuishia katika gunia la vyuma chakavu. Kipande chenye umbo la chupa, yai au risasi kubwa hakiguswi. Watu wanaondolewa, polisi wanaitwa.

Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki nayo hayaingii kwenye tanuri. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, na moshi wake mweupe humletea mtu homa, baridi na kubanwa kifua usiku ule.

Kutia matiko kunafundishwaje? Wanafunzi wetu wanapasua kila kitu.

Wanapasua kwa sababu mbili: wanatosa kwenye maji chuma kinachotaka mafuta, na wanaishia kwenye ugumu bila kuupunguza.

Tuchukue tindo la springi. Baada ya kulifua na kulipiga tupa, pasha ncha yake polepole hadi iwe nyekundu kama nyanya mbivu. Tumia sumaku, ile ya spika mbovu inatosha, ukiwa umeifunga kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi joto 770 sumaku huacha kukishika. Kipe moto kidogo zaidi ya hapo, uone wekundu umeenea sawasawa, kisha tosa ncha wima ndani ya mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Usiitikise kando kwa kando. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, kwa sababu yatawaka siku moja na mfuniko ndio utakaouzima moto ule. Oili chafu ya injini ni ya bure, lakini moshi wake una sumu, msiitumie.

Sasa pitisha tupa. Ikiteleza bila kuuma, chuma kimekaza, nacho kwa wakati huu ni kama kioo: ukikipiga kitavunjika. Ndipo inakuja hatua inayorukwa. Sugua ncha kwa msasa hadi ing'ae, kisha pasha polepole sehemu ya nyuma ya ncha, mbali na ukingo. Utaona rangi zikitembea kuelekea kwenye makali: njano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 na kitu, kisha kahawia, kisha zambarau kwenye 270 hivi, kisha bluu karibu na 300. Kwa kisu simamisha kwenye njano. Kwa shoka na tindo la mawe, ngoja zambarau ikiingia bluu ifike kwenye ncha, ndipo upoze. Rangi hizi huonekana vizuri kivulini tu, na hazirudi nyuma: zikipita umekosa, unaanza upya.

Mwanafunzi aelezwe pia kwamba kichwa cha tindo, upande unaopigwa, hakitiwi matiko. Kichwa kigumu hurusha vipande machoni.

Tengeni siku nzima kwa somo hili na msiogope vipande vitakavyovunjika. Vihifadhini. Kipande kilichovunjika kina chembechembe ndani. Zikiwa kubwa na zinang'aa, moto ulizidi. Zikiwa laini za kijivu, ulikuwa sawa. Mzee wenu atavisoma bila kuambiwa.

Usalama: ni masharti gani hayajadiliwi?

Miwani kwa kila aliye ndani ya banda, hata mgeni. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Ndala zinabaki nje. Nguo za pamba au jinzi, kwa maana poliesta huyeyuka na kushikana na ngozi. Aproni ya ngozi au ya turubai nene la pamba. Nywele na vitambaa vya kichwa vifungwe visining'inie. Masikio yazibwe mnapofua kwa muda mrefu. Wote wawe wamechanjwa pepopunda, na anayekuja amelewa anarudishwa nyumbani bila mjadala.

Chuma kilichopoa huwekwa upande mmoja wa karakana, cha moto upande mwingine, na hakuna anayeokota kitu kabla ya kukikaribia kwa nyuma ya kiganja.

Mtu akiungua, sehemu iwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, tena mara moja. Vueni pete na saa. Msipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Funikeni kwa kitambaa safi kisichonata na mpelekeni kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mkononi au kwenye kiungo. Kijerikeni chenye bomba kijazwe kila asubuhi kabla moto haujawashwa, maana bomba la mjini hukauka siku unayolihitaji.

Watoto wanaruhusiwa?

Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na kufua chuma ni kazi ya hatari. Kwenye moto tunachukua walio na miaka 18 na kuendelea. Wadogo waliovutiwa waje na mzazi siku ya maonyesho, wasimame nyuma ya kamba.

Na wanawake?

Waje, na wanakuja. Tunajua kwamba katika mila nyingi za kuyeyusha chuma wanawake waliwekwa mbali na tanuri, na kuna wazee ambao jambo hili bado linawagusa. Zungumzeni naye mzee wenu mapema, faraghani, kwa heshima, si mbele ya darasa. Mara nyingi mwiko ulihusu kuyeyusha mawe, si kufua springi ya lori, na mzee mwenyewe ndiye atakayewaeleza tofauti hiyo. Kama dada mmoja pekee amejiandikisha, mtafutieni wa pili. Peke yake kati ya wanaume saba atafanywa mpika chai, na hilo lisitokee kwenye karakana yenu.

Makaa yanatumaliza. Tufanyeje?

Makaa ndiyo gharama inayoua madarasa mengi. Bei inapanda, na kwa haki: misitu inakwisha. Mwaka 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Msinunue makaa ambayo mchomaji wake hataki kusema yametoka wapi.

Pimeni matumizi kwa mizani wiki ya kwanza ili mjue somo moja linakula kilo ngapi. Vunjavunjeni makaa yawe na ukubwa wa kokwa ya jozi (walnut), kwa sababu mabonge makubwa hupitisha hewa baridi. Nyunyizeni maji pembeni mwa moto ili usitambae. Zimeni moto mnapoeleza nadharia. Vumbi la makaa lililobaki kwenye magunia lichanganyeni na udongo kidogo au uji wa muhogo, mlikaushe. Halitoshi kwa kuchomea chuma na chuma kingine, lakini linafaa kuwashia na kupashia matiko. Na pandeni miti. Kikundi chenye robo eka ya miti inayokua haraka kitakuwa na makaa yake chenyewe baada ya miaka michache.

Ada iwe kiasi gani?

Jumlisheni makaa, chuma, ujira wa mzee na wa msaidizi, na kiasi cha kubadilisha tupa na misumeno. Gawanyeni kwa idadi ya wanafunzi mnayoimudu, si mnayoiota. Kisha ruhusuni kulipa kidogo kidogo kila Jumamosi, au kwa springi na makaa yenye asili inayojulikana. Bure kabisa hatupendekezi. Asiyetoa kitu haji siku ya mvua. Kwa mtaji wa pamoja, ulizeni katika ofisi ya kata ndogo kuhusu Emyooga, ule mpango wa serikali wa vikundi vya kazi mbalimbali, ambao mafundi wa vyuma ni miongoni mwa makundi yake.

Cheti je?

Cheti cha karakana kinasema tu kwamba mtu alihudhuria. Anayetaka kupimwa rasmi aombe upimaji wa ufundi wa vitendo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya DIT, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda. Sheria ya TVET ya 2025 imeihamishia bodi mpya ya upimaji wa ufundi, UVTAB. Mitihani hiyo inaelemea zaidi uungaji wa vyuma na kuchomelea, kwa hiyo mwanafunzi wa uhunzi ajifunze na hayo kabla ya kujisajili.

Mwanafunzi akitaka kufua silaha?

Panga la shambani ni kifaa, nalo tunalifundisha kwa waliomaliza kozi. Bunduki au sehemu yake yoyote, hapana. Aliyeomba hilo anaondolewa siku hiyo hiyo na mwenyekiti wa LC1 anaarifiwa.

Waliomaliza kozi wanaendeleaje, kwa kuwa hawana tanuri nyumbani?

Wakodisheni moto. Siku za katikati ya wiki ambazo hakuna somo, mhitimu aje na makaa yake na kazi ya mteja wake, alipe kwa saa, atumie fuawe na koleo za karakana. Awepo mtu mzima wa pili bandani muda wote, kwa usalama. Utaratibu huu ndio unaolipia tupa zetu, na ndio unaotuonyesha nani ana mkono wa kuwa msaidizi wa mzee katika kozi inayofuata. Wanaofua mara kwa mara wajiunge wawili watatu, wanunue springi kwa pamoja, na wapokee majembe ya kukarabati kabla ya mvua za Machi, si baada yake, kwa sababu mkulima aliyekosa jembe wiki ya kwanza ya mvua ameshanunua jipya.